Kitenzi Kimoja Kama Kipimo: Tahakiki ya Kamusi ya Oxford ya Wanaojifunza Kiingereza

Ninapotaka kujua kama kamusi ya Kiingereza inastahili kukaa mezani pangu, siifungui penye neno "house" wala "water", kwa sababu hapo hata kamusi mbovu haiwezi kumpoteza mtu. Naenda moja kwa moja kwenye kitenzi "belie". Ni neno la herufi tano tu, halisikiki sana katika mazungumzo ya kila siku, lakini hujitokeza mara kwa mara katika magazeti ya Uingereza na Marekani, katika ripoti za mashirika na katika riwaya. Kwa uzoefu wangu wa kufasiri, ni miongoni mwa maneno machache yanayoweza kumfanya mtu aandike kinyume kabisa cha alichokisoma huku akiamini kwamba ametafsiri sawasawa. Tahakiki hii ya Oxford Advanced Learner's Dictionary, kamusi niliyoanza kuitumia kwa karatasi na ambayo sasa naitumia zaidi kwa simu, nimeijenga juu ya kitenzi hicho kimoja, kwa kuwa namna kamusi inavyomshughulikia msomaji penye neno gumu ndiyo namna ninayotaka kuijua kabla sijamshauri mtu atoe fedha zake.

Yafaa kukumbuka kwanza kwamba kamusi hii haikutungwa kwa ajili ya Mwingereza. A. S. Hornby aliiandaa akiwa mwalimu wa Kiingereza nchini Japani, pamoja na wenzake E. V. Gatenby na H. Wakefield, na ikachapishwa kwa mara ya kwanza Tokyo mwaka 1942 na kampuni ya Kaitakusha, kwa jina lingine. Oxford University Press waliichapisha upya mwaka 1948, na toleo la kumi lilitoka mwaka 2020. Mwanafunzi wa Kijapani aliyekuwa mbele ya Hornby alihitaji jambo ambalo mtoto wa London hupewa nyumbani bure: kuambiwa neno linakaa na neno gani, linatanguliwa na nini na linafuatwa na nini. Sisi wa Afrika Mashariki tunahitaji jambo hilohilo, na ndiyo maana nadhani kamusi hii imetufaa kwa muda mrefu kuliko kamusi kubwa zilizoandikwa kwa wenye lugha yao.

Tuingie sasa kwenye kidahizo chenyewe, yaani neno linalofafanuliwa. Jambo la kwanza ambalo msomaji hupewa ni matamshi, na hapa kamusi ya mtandaoni imeipita ile ya karatasi kwa mbali, kwa sababu inatoa sauti mbili za kusikiliza, ya Kiingereza cha Uingereza na ya Kiingereza cha Marekani. Msomaji wa Kiswahili anayeliona neno hili kwa mara ya kwanza hulisoma kama lilivyoandikwa, "be-li-e", silabi tatu zenye mkazo katikati. Neno linatamkwa "bilai", na mkazo wake uko mwishoni, mahali ambapo Kiswahili hakiuweki mkazo karibu kamwe. Mara mbili tatu za kubonyeza alama ya spika zinatosha kuliondoa kosa hilo. Kwa mwenye kitabu cha karatasi zipo alama za kifonetiki, ambazo nakiri kwamba wengi wetu huziruka kama tunavyoruka dibaji.

Baada ya matamshi yanafuata maumbo ya kitenzi: "belies" katika wakati uliopo, "belied" katika wakati uliopita, "belying" katika umbo la kuendelea. Herufi zinazobadilika hapo zinamkumbusha mtu kwamba ndani ya neno hili limekaa neno "lie" lenye maana ya kusema uongo, na si lile la kulala, ambalo wakati wake uliopita ni "lay". Anayeandika "belay" kwa maana ya wakati uliopita amechukua kitenzi kisicho chake. Zaidi ya hayo kuna lebo inayoeleza kwamba neno ni la lugha rasmi, na kuna maelezo madogo yanayoonyesha kwamba baada yake lazima lije jambo au kitu: ni kitenzi elekezi, hakisimami bila yambwa. Maelezo hayo ni mafupi mno kiasi kwamba jicho hupita juu yake, lakini kwangu yana thamani kuliko nusu ya picha za rangi zilizomo katika kitabu kizima.

Kisha zinakuja fasili, nazo ni mbili. Ya kwanza inasema kwamba "belie" ni kutoa picha isiyo ya kweli kuhusu mtu au jambo. Mfano wake ni wa mwanamke ambaye uchangamfu wake na sura yake ya ujana haviendani na miaka yake 65. Fasili ya pili inasema kwamba ni kuonyesha kuwa jambo fulani haliwezi kuwa la kweli, na mfano wake ni wa serikali inayodai kwamba hakuna umaskini wakati idadi ya watu wasio na makazi mitaani inaonyesha vingine. Maneno yaliyotumika katika fasili zote mbili ni mepesi. Wahariri hujifunga kuandika fasili zao kwa msamiati wa msingi wa maneno yapatayo 3,000, na mtu wa kidato cha tatu anaweza kuzielewa bila kufungua kurasa nyingine tano ili aelewe ukurasa mmoja. Hili ni jambo ambalo kamusi nyingi za watu wazima zinalishindwa.

Uamuzi wa kuzitenganisha maana hizo mbili ni sahihi, na ndipo uzuri mkubwa wa kitomeo hiki, yaani neno pamoja na maelezo yake yote, ulipo. Hata hivyo ndipo pia ulipo upungufu wake, kwa sababu kamusi imeziweka maana mbili moja chini ya nyingine kana kwamba ni ndugu wanaofanana, bila kumwambia msomaji kwamba zimegeuziana mgongo. Katika maana ya kwanza, kiima, yaani kile kinachotangulia kitenzi, ndicho chenye uongo na yambwa ndiyo kweli: sura ya ujana inatupotosha, miaka 65 ni ya hakika. Katika maana ya pili, kiima ndicho chenye ukweli na yambwa ndiyo uongo: watu wanaolala mitaani wapo kweli, dai la serikali ndilo lisilosimama. Kitenzi ni kilekile, mpangilio wa sentensi ni uleule, lakini mwongo amehama kutoka upande mmoja wa kitenzi kwenda upande wa pili.

Hilo nililiona kwa karibu siku moja katika ofisi ya tafsiri niliyokuwa nikifanya kazi Dar es Salaam. Kijana mmoja, mfasiri mzuri mwenye Kiswahili safi, alileta prufu ya ripoti kuhusu ajali za kazini, na katikati ya ukurasa kulikuwa na sentensi fupi ya Kiingereza iliyosema kwamba takwimu "belie" madai ya kampuni kuhusu usalama. Yeye aliandika: "Takwimu hizo zinapotosha madai ya kampuni." Nilisoma, nikarudia, nikaweka kalamu chini. Katika Kiingereza, kampuni ndiyo iliyokuwa inasema uongo na takwimu ndizo zilizomkamata mwongo. Katika Kiswahili chetu, kampuni imekuwa safi na takwimu ndizo zenye hila. Ripoti nzima ingetoka imemtetea yule iliyekusudia kumshtaki.

"Lakini mwalimu," akaniambia, "kamusi imesema ni kutoa picha ya uongo." Akanionyesha simu yake, na kweli kioo kilikuwa kimeishia kwenye fasili ya kwanza, sehemu iliyobaki ikiwa imefunikwa na tangazo.

"Umesoma ya kwanza tu, mdogo wangu. Shusha kidole chini."

Akashusha, akasoma, akacheka kidogo kwa aibu, kisha akauliza swali ambalo kamusi haikulijibu: atajuaje, siku nyingine, kwamba sentensi iliyoko mbele yake ni ya namba moja au ya namba mbili? Nilimjibu kwa njia ninayoitumia mwenyewe. Jiulize ni kipi kati ya vitu viwili kinaonekana juujuu tu, na ni kipi kimethibitika. Sura, sauti, tabasamu, jengo lililopakwa rangi upya, mwendo wa mtu, ukimya wake: vitu hivi vikiwa kiima, mara nyingi ni maana ya kwanza, kwa kuwa ni vya nje na vinaficha cha ndani. Takwimu, ushahidi, matendo, hali halisi ya barabara au ya hospitali: vitu hivi vikiwa kiima, na yambwa ikiwa dai, ahadi, sifa au kauli, basi ni maana ya pili. Kanuni hii haikamati kila sentensi, lakini imeniokoa mara nyingi, na ingetosheleza mistari miwili ya maelezo chini ya kitomeo. Kamusi hii, ambayo kwingineko hutoa visanduku vya maelezo juu ya maneno yanayochanganya, hapa imenyamaza.

Kuna tatizo la pili ambalo sitailaumu kamusi ya lugha moja kwa kutolitatua, ila nalitaja kwa sababu ndilo linalowapata Waswahili hasa. Tukisoma "kutoa picha ya uongo", mkono unakimbilia "danganya". Tatizo ni kwamba yambwa ya "danganya" ni yule anayedanganywa. Sura hudanganya watu. Haiwezi kudanganya umri. Ndiyo maana sentensi kama "sauti yake ya upole ilidanganya hasira yake", ambayo nimeikuta zaidi ya mara moja katika tafsiri za riwaya zilizoletwa kwangu kusahihishwa, inasomeka kama mtu aliyevaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto. Kiingereza kinaruhusu kiima cha uongo kiikabili kweli moja kwa moja, kana kwamba sauti na hasira zimesimama zikitazamana. Kiswahili kinamtaka mtazamaji awepo katikati. Kwa hiyo yule mwanamke wa kamusi, kwa Kiswahili, hafanani na umri wake, au ukimtazama huwezi kudhani kwamba ana miaka 65. Na yule mwenye sauti ya upole: kwa sauti ile usingejua kwamba moyoni anachemka. Sentensi imevunjwa na kuundwa upya, na maana imebaki salama.

Isitoshe, lugha yetu ina hazina ya methali kwa ajili ya maana hii ya kwanza. "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti" ni sentensi kamili ya "belie" ambayo haina kitenzi chake. "Simba mwenda pole ndiye mla nyama" na "Kimya kingi kina mshindo mkuu" zinakwenda upande huohuo, utulivu wa nje ukificha kishindo cha ndani. Sisemi kwamba mfasiri apachike methali kila anapokutana na kitenzi hiki, maana ripoti ya benki haivumilii mkakasi. Nasema tu kwamba anayezikumbuka methali hizo atakishika kitenzi hiki upesi kuliko anayeikariri fasili.

Kwa maana ya pili hali ni nzuri zaidi, kwa kuwa tuna vitenzi vinavyoingia moja kwa moja bila kuvunja sentensi. "Kanusha" kinafaa katika maandishi rasmi, na ndicho tulichokiweka siku ile: "Takwimu zenyewe zinakanusha madai ya kampuni." "Umbua" kina ukali zaidi, kinafaa makala ya maoni. Ila neno ninalolipenda kuliko yote ni "suta". Kumsuta mtu ni kumkabili na maneno yake mwenyewe mbele ya ushahidi hadi asiwe na pa kukimbilia, na aliyewahi kuona watu wakienda kumsuta mtu uswahilini, wanawake wamevaa sare za kanga na matarumbeta yametangulia mbele, anajua kwamba aliyesutwa hana tena la kusema. Idadi ya watu wanaolala nje inalisuta dai la kwamba hakuna umaskini. Sidhani kama Kiingereza chenyewe kina neno lenye meno kama hilo, ingawa kina usemi wake wa karibu, "give the lie to", ambao kamusi hii inauweka mahali pake chini ya nomino "lie" na kuueleza vizuri.

Upungufu mwingine, na huu ni wa kamusi kweli, ni kwamba haitoi onyo juu ya kosa linaloenea katika matumizi ya neno hili, kosa ambalo hata Waingereza na Wamarekani wenyewe huteleza nalo. Watu hulitumia "belie" wakikusudia "fichua". Huandika, kwa mfano, kwamba lafudhi ya mtu "belied" asili yake, wakitaka kusema kwamba lafudhi ilimtoboa, kila mtu akajua ametoka wapi. Kwa maana sahihi, sentensi hiyo inasema jambo la kinyume: lafudhi iliwapotosha wasikilizaji, wakadhani ametoka kwingine. Neno waliloliwinda ni "betray", ambalo kwa Kiingereza, mbali na kusaliti, lina maana ya kudhihirisha bila kukusudia. Mfasiri anayekutana na sentensi ya namna hiyo yuko mashakani maradufu, kwa kuwa kamusi inamwambia jambo moja na mwandishi aliyeteleza alikusudia jingine, na hapo hakuna njia isipokuwa kusoma aya nzima, ikibidi sura nzima, ili kujua huyo mtu alijulikana au hakujulikana.

Maana ya kale kamusi imeiacha, na nadhani imefanya vyema, maana kazi yake ni Kiingereza cha leo. Lakini mtu anayesoma Shakespeare aijue. Zamani, kumfanyia mtu "belie" kulikuwa pia kumsingizia, kumzulia uongo. Katika Othello, tamthilia iliyochezwa mbele ya mfalme mjini London mwaka 1604, Emilia, mtumishi wa Desdemona, anamwambia Othello neno hilohilo usoni, baada ya Othello kumtaja mkewe Desdemona kuwa mwanamke mchafu: unamsingizia. Yambwa pale ni mtu, si umri wala dai. Ukichukua fasili za kamusi ya leo ukazipeleka katika mstari ule, hazitaingia. "Singizia" linaingia bila kusukumwa, na hilo linanifurahisha kila mara, kwamba maana ambayo Kiingereza imeiacha nyuma ndiyo iliyo nyepesi kuliko zote kwa Kiswahili.

Mwalimu anaweza kuuliza kama inafaa kulifundisha neno hili sekondari. Halimo katika orodha ya Oxford ya maneno 3,000 wala katika ile ya 5,000, kwa hiyo kwa kipimo cha wahariri wenyewe si neno la lazima. Kwa mwanafunzi wa kawaida sioni ubaya likisubiri. Kwa anayejiandaa kusoma sheria, uandishi wa habari au tafsiri, ningelileta mapema, pamoja na mifano sita au saba, kwa sababu mifano miwili ya kamusi haitoshi kumwonyesha mtu njia zote ambazo kitenzi hiki hupita.

Kuhusu bidhaa yenyewe, ushauri wangu unategemea mtu yuko wapi. Toleo la mtandaoni ni la bure, lina sauti, na linatosha kwa mfasiri mwenye bando la uhakika, mradi ajizoeze kushuka hadi mwisho wa ukurasa na asidanganywe na matangazo yanayokata kitomeo katikati. Kitabu cha karatasi ni kizito na si cha bei nafuu, lakini kwa shule ambayo intaneti yake ni ya kubahatisha kingali chombo bora, na macho yanaona fasili zote mbili kwa pamoja, jambo ambalo lingemwokoa yule kijana wangu. Matoleo ya zamani yanapatikana kwa wauza vitabu vya mitumba. Langu ni la saba, la mwaka 2005, jalada limeshikwa kwa gundi na karatasi za mwisho zimejikunja. Kwa neno kama hili sioni sababu ya kununua jipya.

Pembeni ya kitomeo, katika nakala hiyo, nimeandika kwa penseli vidokezo viwili ambavyo wahariri hawakuviweka. Mbele ya namba moja: "kiima kinaficha". Mbele ya namba mbili: "kiima kinasuta". Yule kijana alivipiga picha kwa simu yake kabla ya kurudisha prufu.